Fuma, Fumba, Fumbua: Historia ya Blanketi la Fumbo

Najua wengi wenu huja hapa kusoma kuhusu kodi (ya programu jamani, si ile ya serikali), seva na hifadhidata. Leo mtanivumilia kidogo. Leo ninaandika kuhusu blanketi.

Si blanketi la kununua dukani. Nazungumzia lile linalofumwa kwa kroshia, ile sindano fupi yenye ndoana kichwani ambayo mama zetu hufumia vitambaa vya makochi. Kabla hujaufunga ukurasa huu ukaenda zako, nisikilize: humu ndani mna programu, mna viwango, mna hitilafu, na mna swali moja ambalo sisi watu wa tarakilishi hulikwepa kila siku.

Mambo yalianza hivi. Miezi mitatu iliyopita nilijiunga na kikundi mtandaoni kinachofuma blanketi la fumbo. Utaratibu wake ni huu: mbunifu mmoja ana blanketi zima kichwani mwake, ila hamwonyeshi mtu picha yake. Anakwambia tu ununue nyuzi za rangi gani, kiasi gani, na kroshia ya unene upi. Kisha kila Jumamosi anatoa maagizo ya kipande kimoja cha mraba. Nyote mnakifuma, kila mtu kwake, mara 4. Baada ya wiki 12 una vipande 48, unaviunga, na hapo ndipo unapojua ulikuwa ukifuma nini muda huo wote.

Kila kipande kilitakiwa kuwa na upana wa sentimita 15. Changu cha kwanza kilitoka na sentimita 22. Nikafumua, nikafuma upya polepole nikihesabu kila mshono. Sentimita 22 tena! Nikaambiwa labda mkono wangu ni mlegevu. Nikabana uzi mpaka vidole vikauma, kikapungua kidogo tu. Mwisho mama mmoja kikundini akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: ulijifunzia maagizo ya Uingereza au ya Marekani?

Kumbe tatizo halikuwa la mkono. Lilikuwa tatizo la historia. Nikaanza kuisoma, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

Maagizo ni programu

Maagizo ya kale zaidi yanayojulikana yaliyochapishwa kwa jina hilo la kroshia yalitoka katika jarida la Uholanzi liitwalo Penélopé, mwaka wa 1823. Yalikuwa ya vibeti vya hariri. Kabla ya hapo, na kwa watu wengi hata baada ya hapo, njia ya kujifunza ilikuwa moja: unakaa kando ya anayejua, unamtazama mkono. Wengine walifuma vipande vidogo vya mfano wakavibandika katika daftari, na aliyetaka kunakili akahesabu mishono mwenyewe. Hiyo ni sawa na kupewa programu bila msimbo wake. Unaiona inafanya kazi, halafu unabaki kukuna kichwa ukibahatisha jinsi ilivyoandikwa.

Katika miaka ya 1840 vitabu vya maagizo vikaanza kumiminika kule London. Mmoja wa waandishi waliovuma sana alikuwa Eléonore Riego de la Branchardière, aliyeendelea kutoa vitabu vya kazi za uzi kwa miongo kadhaa. Kutokana na vitabu kama vyake ikakomaa lugha fupi ya kuandikia ufumaji. Itazame hivi: fanya minyororo 6, iunge iwe duara. Ndani ya duara fanya nyota mishono mirefu 3, minyororo 2. Rudia kutoka kwenye nyota mara 3 zaidi. Hiyo alama ya nyota ni mwanzo wa kitanzi, na neno "rudia" ndilo linalokizungusha. Aliyewahi kuandika hata mistari kumi ya programu ataielewa lugha hiyo mara moja. Mama aliyekuwa akiisoma kwa mwanga wa mshumaa zaidi ya miaka 150 iliyopita alikuwa akifanya kazi ya kichakato: anasoma agizo, anatekeleza, anakumbuka amefika wapi, anaendelea.

Lakini lugha ikivuka bahari hubadilika. Waingereza na Wamarekani walitumia majina yaleyale kwa mishono tofauti, na mpaka leo hawajapatana. Mshono ambao Mmarekani anauita singo, Mwingereza anauita dabo. Ule ambao Mmarekani anauita dabo, Mwingereza anauita trebo. Yaani kila jina limesogea ngazi moja. Mimi nilijifunzia video za Kimarekani, na mbunifu wetu anaandika Kiingereza cha Uingereza. Aliposema dabo alitaka mshono mfupi, nami nikafanya mrefu, takriban maradufu kwa kimo. Hakuna aliyekosea tahajia wala hesabu. Maagizo yalikuwa sahihi, nami niliyatii neno kwa neno. Ila tulikuwa na kamusi mbili.

Wajapani walilimaliza tatizo hili kwa njia inayonifurahisha mno. Wana kiwango rasmi cha taifa, kinachoitwa JIS L 0201, kinachoupa kila mshono alama yake ya kuchorwa. Mchoro hauna dabo wala trebo. Mtu asiyejua neno hata moja la Kijapani anaweza kununua kitabu cha Kijapani akafuma bila taabu. Laiti sisi wahandisi wa programu tungekuwa na nidhamu hiyo...

Siri za Clones

Sasa twende Ireland, kwa sababu huko ndiko ufumaji wa vipande vipande ulipokuwa jambo la kufa na kupona.

Mwaka wa 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vya Ireland. Mamilioni ya watu maskini hawakuwa na chakula kingine. Nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 8 katika hesabu ya mwaka wa 1841 ilipoteza takriban milioni 1 kwa njaa na maradhi kufikia mwaka wa 1852, na wengine zaidi ya milioni 1 wakapanda meli wakahama. Wakati huohuo matajiri wa London na Paris walikuwa wakitafuta lesi za mtindo wa Venice, ambazo kwa sindano ya kawaida zilichukua muda mrefu ajabu kuzitengeneza. Kwa kroshia mtu aliweza kupata sura inayokaribiana na hiyo kwa muda mfupi zaidi, kwa uzi wa pamba na chombo cha bei ndogo. Watawa wa Ursuline kule Blackrock, Cork, wakawafundisha wasichana. Kaskazini, katika mji wa Clones, kaunti ya Monaghan, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Kianglikana, alianzisha kazi hiyo mwaka wa 1847. Nyumba zilizokuwa hazina kitu zikaanza kupata fedha za chakula, za kodi ya nyumba, na kwa baadhi yao nauli ya kwenda Marekani.

Hebu tazama walivyoigawa kazi. Gauni la lesi halikufumwa na mtu mmoja kutoka juu hadi chini. Huyu alifuma maua ya waridi tu, mwingine majani ya mzabibu, mwingine lile jani la shamroki lenye sehemu tatu. Vipande hivyo vilikusanywa, vikapangwa juu ya kitambaa kilichochorwa umbo la gauni au kola, uso ukitazama chini, vikashikizwa kwa uzi. Kisha mkono mwingine ukajaza nafasi zilizobaki kwa wavu mwembamba, mara nyingi ukiwa na vifundo vidogo vya mviringo ambavyo bado vinaitwa vifundo vya Clones. Wavu ukikamilika, kitambaa cha chini kiliondolewa, na lesi ikabaki imesimama yenyewe.

Mtu wa programu hapo anaona moduli, anaona kuunganisha, anaona kiolesura. Nami niliona hayo, nikafurahi. Nilipoendelea kusoma, furaha ikapungua.

Inasimuliwa kwamba familia zilizobuni ua lao zililificha. Mgeni akibisha hodi, kazi ilitiwa chini ya aproni. Ua zuri lilipita kutoka kwa mama kwenda kwa binti kama shamba linavyorithiwa kwetu. Na kwa nini wasifiche? Mfumaji hakuwa na hataza, hakuwa na wakili. Alilipwa kwa kipande. Siku jirani atakapojua kulifuma ua lako, bei ya ua lako imeshuka. Siri ilikuwa ndiyo ghala yake.

Ila kulikuwa na siri ya pili, kubwa kuliko hiyo. Mchoro wa gauni haukukaa kwa mfumaji wa waridi. Mara nyingi hakujua waridi lake litakaa begani au kwenye pindo, wala litavaliwa na nani, wala litauzwa kwa kiasi gani. Aliyeshika mchoro alijua kila kitu, pamoja na bei. Aliyeshika kroshia alijua waridi. Kwa hiyo siri ndogo ya maskini ilifungwa ndani ya siri kubwa ya mnunuzi, na tunajua ni ipi iliyoleta faida zaidi.

Katika miaka ya 1880 viwanda vya Uswisi na Ujerumani viligundua njia ya kuiga sura ya lesi kwa mashine: mashine inatarizi juu ya kitambaa, halafu kitambaa chenyewe kinayeyushwa kwa dawa, nakshi inabaki. Soko la lesi za mkono likabanwa. Vita vya mwaka wa 1914 na mabadiliko ya mitindo vikamalizia. Lakini mashine hizo ziliiga sura tu, hazikufuma kroshia. Na hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi: mpaka leo viwanda havina mashine inayofuma kroshia halisi kwa wingi, pamoja na majaribio ya watafiti. Ndoana inapaswa kuingia mahali popote katika kazi, hata safu za nyuma, na hilo mkono wa mtu unalimudu kuliko chuma. Basi ukiiona kofia ya kroshia inauzwa kwa bei ya kutupa, jua kuna mtu mahali fulani aliyeifuma kwa mikono yake, akalipwa kwa kipande.

Mraba wa bibi

Upande wa pili wa bahari, kule Marekani, ufumaji wa vipande ulishika njia nyingine. Mwaka wa 1885 gazeti la wakulima la Prairie Farmer, la Chicago, lilichapisha maagizo ya mraba mdogo unaoanzia katikati na kukua kuelekea nje, mishono mitatu mitatu. Ndio mraba ambao dunia nzima sasa inauita mraba wa bibi. (Kikwetu Kenya ningesema mraba wa nyanya, lakini mtaanza kutafuta kachumbari.)

Mraba huu hauna siri hata kidogo, na hiyo ndiyo nguvu yake. Unafumwa kwa mabaki ya nyuzi, sweta iliyochakaa ikifumuliwa inapata kazi. Unabebeka mfukoni. Una pande nne zinazolingana, na kila upande una idadi ileile ya mishono. Kwa hiyo mraba niliofuma mimi unaungana na mraba uliofumwa na mtu nisiyemjua, ilmradi tumekubaliana juu ya mambo matatu: unene wa uzi, unene wa kroshia, na idadi ya mishono ya ukingoni. Hicho ndicho kiolesura. Katikati ya mraba fanya utakavyo, weka ua, weka nyota, weka zambarau na chungwa kama macho yako yanaweza kuvumilia. Ukingoni tunakutana kwa hesabu.

Bado lilibaki suala la umbali. Wafumaji wa Clones walikuwa majirani. Itakuwaje watu elfu waliotawanyika wafanye kazi moja kwa wakati mmoja? Jibu la mapema lilitoka kwa ndugu zao, washonaji wa blanketi za viraka. Mwaka wa 1928 mwandishi Florence LaGanke alianza kuendesha katika magazeti ya Marekani klabu ya ushonaji kwa jina la Nancy Page. Wiki hii gazeti linachapisha ramani ya kiraka kimoja, unakikata, unakishona, unasubiri kingine wiki ijayo. Waliofuata hadithi za mfululizo magazetini wanaijua raha hiyo na karaha yake. Ukikosa gazeti moja, blanketi lina shimo!

Fumbo laingia mtandaoni

Mtandao ulipokuja, vitu hivi vyote vilikuwa tayari: lugha ya maagizo, kipande chenye ukingo wa kuaminika, na mazoea ya kusubiri wiki hadi wiki. Kilichoongezeka ni kasi.

Mwaka wa 2007 ni mwaka wa kukumbukwa kwa watu wa uzi. Mwezi wa Mei wanandoa Jessica na Cassidy Forbes wa Boston walifungua tovuti ya Ravelry kwa ajili ya wafumaji. Cassidy ndiye aliyeandika programu yake, kwa Ruby on Rails, na tovuti hiyo ikaja kupata mamilioni ya wanachama. Mwaka huohuo mbunifu Melanie Gibbons aliendesha fumbo lake la tatu la shali, na maelfu ya watu wakajiunga. (Hiyo ilikuwa kazi ya sindano mbili, si kroshia, lakini utaratibu ni uleule.) Kila wiki dokezo moja. Kila wiki watu wakibishana: ni mawimbi haya, ni manyoya, ni majani? Mwishowe ikafunuliwa kwamba shali ilikuwa ikisimulia Swan Lake, ile ngoma ya bale ya bata maji, na upande mmoja wake ulikuwa bawa. Pande mbili za shali hazikufanana. Wengine walishangilia. Wengine walilalamika, wao walitaka shali yenye ncha mbili sawa.

Nimelifikiria sana lalamiko hilo. Unapofuma fumbo unampa mtu usiyemjua mambo mawili: uzi ulionunua kwa fedha zako, na saa za usiku ambazo hazirudi. Hukuona picha. Umeamini. Kwa hiyo mbunifu ana deni, na wabunifu wazuri wanalijua. Ndiyo maana mwisho wa kila mzunguko wanakuandikia idadi ya mishono unayopaswa kuwa nayo: sasa una 36 kila upande. Ukihesabu 35, simama, rudi, usiendelee. Kwetu tungeliita jaribio la programu. Wanakwambia ufume kwanza kipande cha kupimia. Wanatoa masahihisho hadharani wakikosea. Hawakuonyeshi picha, lakini wanakupa njia ya kujua kila siku kwamba hujapotea.

Mwaka wa 2015 Dedri Uys, mbunifu wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi London, alitoa blanketi liitwalo Sophie's Universe kwa sehemu 20, bila malipo, na watu wakalifuma pamoja nchi baada ya nchi. Maagizo yalitolewa kwa istilahi za Uingereza na za Marekani, na katika lugha kadhaa nyingine. Laiti ningeanzia hapo, nisingefumua mara mbili.

Na kwao Afrika Kusini kwenyewe mwaka huohuo kulitokea jambo kubwa zaidi. Mwezi wa Desemba 2013 Carolyn Steyn alianzisha kampeni ya 67 Blankets kumuenzi Nelson Mandela, 67 ikiwa miaka aliyowatumikia watu. Watu wakaitana mtandaoni, wakafuma majumbani, na tarehe 21 Aprili 2015 wakazitandaza kazi zao mbele ya majengo ya serikali ya Union Buildings, Pretoria: blanketi moja la mita za mraba 3,377, rekodi ya dunia. Haikudumu. Tarehe 31 Januari 2016 kina mama wa India waliokusanywa mtandaoni na Subashri Natarajan walitandaza kule Chennai blanketi la mita za mraba 11,148.5, lililoungwa kwa vipande vya takriban mita 1 kila upande. Hayakuwa mafumbo kwa jina, lakini hebu fikiria: hakuna mfumaji hata mmoja aliyewahi kuliona blanketi hilo zima kabla ya siku ile. Kila mmoja aliona mita yake moja. Baadaye blanketi hizo zikagawiwa watu wenye baridi na shida.

Nani anaiona picha?

Sasa nije kwenye swali nililowaahidi.

Nilipomaliza chuo, kabla sijapata kazi ninayoifanya leo, kwa wiki kadhaa nilifanya vibarua vya mtandaoni. Kampuni siitaji. Kazi ilikuwa kuchora visanduku juu ya picha: hapa gari, hapa mtu, hapa taa ya barabarani. Picha baada ya picha, malipo kwa kipande. Hakuna aliyetuambia ni za nini. Nilibahatisha kwamba kuna gari mahali fulani linafundishwa kujiendesha. Mpaka leo sijui kama nilibahatisha sawa. Waridi langu liliwekwa begani au kwenye pindo? Sijui.

Na mimi nilikuwa na bahati, nilichora magari tu. Mwezi wa Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu wafanyakazi hapa Nairobi waliosoma na kuainisha maandishi ya kutisha mno ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Niliposoma habari za Clones niliwakumbuka hao. Vipande vidogo vidogo, mikono mingi, na mchoro umeshikwa na mtu mwingine ng'ambo ya bahari.

Msinielewe vibaya. Sisemi kugawa kazi vipande ni dhambi. Bila hivyo hakuna programu kubwa inayoandikika, na hakuna blanketi la mita elfu kumi na moja. Wala sisemi siri ni mbaya. Kikundi chetu kimeishi kwa siri wiki 12 na sijawahi kuingoja Jumamosi kama nilivyoingoja. Ninachosema ni kwamba mafumbo ni ya aina mbili. Liko lenye tarehe ya kufumbuliwa. Siku hiyo ikifika, aliyefuma ndiye anayeona, na blanketi linabaki kitandani kwake. Na liko lisilo na tarehe, ambalo kipande kinaondoka mkononi mwako na hukioni tena. Kwa macho ya anayefuma, wiki ya pili, mawili hayo hayana tofauti. Uzi ni uleule, kroshia ni ileile. Tofauti iko katika ahadi iliyotolewa kabla ya mshono wa kwanza.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligundua. Nadhani waliwaonea wafumaji wa Clones. Hawakuwa wajinga. Hawakuonyeshwa mchoro tu.

Kwa hiyo siku hizi nikipangia wenzangu kazi, hata ile ndogo kabisa ya kurekebisha kitufe, najaribu kuwaonyesha kitufe hicho kinakaa wapi, nani atakibonyeza, na kwa nini. Inanigharimu dakika kumi. Si jambo kubwa, lakini ndilo nililolipata katika blanketi.

Mtauliza, na blanketi lako je? Kipande cha 12 kilitoka Jumamosi iliyopita. Nilivitandaza vyote 48 sebuleni, 6 kwa 8. Kuna kipande cha wiki ya tatu ambacho nilikuwa na hakika kina kosa, kwa sababu mstari wa manjano unakatika ghafla ukingoni bila sababu. Kumbe haukatiki. Unaendelea katika kipande cha wiki ya tisa, ukavuka hadi cha wiki ya kumi na moja, na vyote vinne vinne vikikutana katikati unapata nyota moja kubwa yenye ncha nane. Nilikaa sakafuni nikaitazama tu.

Mama akapita akielekea jikoni. Yeye amefuma vitambaa vya makochi tangu kabla sijazaliwa, bila maagizo ya mtu yeyote, si ya Uingereza wala ya Marekani. Akasimama kidogo, labda sekunde mbili.

"Mwanangu, kile cha kona umekigeuza," akasema, akaenda zake.

Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimekigeuza.

Haya basi, hayo ndiyo yangu ya leo. Wewe je, nyumbani kwenu nani anafuma, na alijifunzia wapi? Niachie maoni hapo chini. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi. Alamsiki.